Kukimbia Peku: Mafunzo ya Wayo katika Mbio za Masafa Marefu

Utangulizi

Wahenga walisema kwamba mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Mkimbiaji anayeviacha viatu vyake nyumbani kwa hiari na kuingia barabarani peku huonekana, machoni pa wengi, kuwa ndiye hasa aliyelengwa na methali hiyo. Nchini Kenya suala hili lina uzito wa pekee. Kwa upande mmoja, kutovaa viatu huchukuliwa kuwa dalili ya ufukara ambao kila mzazi hutamani kumwondolea mwanawe. Kwa upande mwingine, imeenea imani kwamba siri ya ushindi wa wanariadha wa Kenya imo katika miguu mitupu waliyokimbilia shuleni wakiwa watoto. Mtazamo wa kwanza huufanya upeku kuwa aibu. Wa pili huufanya kuwa hirizi.

Makala haya yananuia kufafanua jinsi mbio za peku zinavyofanya kazi mwilini, namna mkimbiaji wa masafa marefu anavyoweza kuzifanyia mazoezi, na mipaka ambayo hana budi kuitambua. Hoja inayotetewa ni kwamba kukimbia peku ni stadi inayofunzwa, na kwamba manufaa au madhara yake hutegemea zaidi muda ambao wayo umepewa kujifunza.

Ufafanuzi wa Istilahi

Inafaa kwanza kufafanua istilahi chache. Neno peku, au pekupeku, lina maana ya kwenda bila kuvaa chochote miguuni. Wayo ni sehemu ya chini ya mguu inayokanyaga ardhi, na wingi wake, nyayo, hutumiwa pia kwa maana ya alama zinazoachwa na mguu huo. Wakenya walilizoea neno hili katika uwanja wa siasa kuanzia mwaka wa 1978, Rais Daniel arap Moi alipoahidi kufuata nyayo za mtangulizi wake. Na uwanja wa michezo uliofunguliwa jijini Nairobi mwaka wa 1983 ukaitwa Nyayo.

Wayo una sehemu tatu zinazohusika moja kwa moja na mada hii: kisigino kilicho nyuma, tao lililo katikati, na sehemu ya mbele iliyo karibu na mashina ya vidole. Ukano wa kisigino ni ule mshipi mnene unaounganisha misuli ya shavu la mguu na mfupa wa kisigino. Istilahi ya mwisho ni sugu, yaani ngozi iliyokomaa na kuwa ngumu kwa kusuguliwa mara kwa mara. Uhusiano wa nomino hii na kitenzi sugua uko wazi. Kutokana na maana hiyo ya msingi, wasemaji wa Kiswahili wakapata maana ya sitiari: mtu sugu, ugonjwa sugu, tatizo sugu; vyote hivi ni vitu vilivyozoea kusuguliwa hata havibabaiki tena. Maana hizi mbili zitarejelewa hapa chini, kwa kuwa sayansi imeleta jambo la kuvutia kuhusu sugu za nyayo.

Mifano kutoka Historia ya Riadha

Mfano unaotajwa mara nyingi zaidi ni ule wa Abebe Bikila wa Ethiopia. Jioni ya tarehe 10 Septemba 1960, askari huyu wa kikosi cha walinzi wa Mfalme Haile Selassie alishinda mbio za marathoni za Michezo ya Olimpiki mjini Roma bila viatu, kwa muda wa saa 2, dakika 15 na sekunde 16.2. Muda huo ulikuwa bora kuliko wote uliokuwa umewahi kuandikishwa ulimwenguni. Uamuzi wake haukuwa wa kubahatisha. Viatu alivyopata havikumkaa vizuri miguuni, naye alikuwa amekwisha kufanya mazoezi peku chini ya kocha wake, Onni Niskanen. Kwa maneno mengine, nyayo zake zilikuwa tayari kabla ya siku ya mashindano.

Sehemu ya pili ya kisa hicho husahauliwa na wengi. Mwaka wa 1964, mjini Tokyo, Bikila alishinda tena, safari hii akiwa amevaa soksi na viatu, kwa muda wa saa 2, dakika 12 na sekunde 11.2. Muda huo nao ulikuwa bora ulimwenguni, na ulipatikana wiki chache tu baada ya kufanyiwa upasuaji wa kidole tumbo. Kwa hiyo, mtu anayemtaja Bikila kuwa ushahidi kwamba viatu humzuia mkimbiaji anapaswa kulieleza pia jambo hilo la Tokyo.

Kenya nayo ina mfano wake wa awali. Mnamo Julai 1954, Lazaro Chepkwony alishiriki mbio za maili 6 katika uwanja wa White City mjini London akiwa peku. Aliubadilisha mwendo wake mara kwa mara, akiwachanganya wapinzani, kabla ya kujitoa kwa kuumia. Watazamaji wa Uingereza walistaajabia miguu yake mitupu. Hata hivyo, miaka minane baadaye, Mwingereza Bruce Tulloh alishinda mbio za mita 5,000 katika mashindano ya Ulaya mjini Belgrade akiwa peku vilevile. Katika miaka ya 1980, Zola Budd, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyeiwakilisha Uingereza, alivuma kwa kukimbia bila viatu na akawa bingwa wa dunia wa mbio za nyika mwaka wa 1985 na 1986. Mifano hii inadhihirisha kuwa upeku si sifa ya taifa moja wala ya rangi moja ya watu. Aidha, kanuni za shirikisho la riadha duniani humruhusu mwanariadha kushindana peku, au hata akiwa amevaa kiatu mguu mmoja tu.

Wayo Unapogusa Ardhi

Mtu anapokimbia, kila hatua huubebesha mguu mmoja nguvu inayozidi uzito wa mwili wake mara mbili au zaidi. Swali la msingi ni hili: nguvu hiyo hupokelewa wapi? Kiatu chenye soli nene nyuma humwezesha mkimbiaji kutua kwa kisigino bila maumivu, kwa kuwa soli hiyo hufyonza sehemu ya mshtuko. Mkimbiaji peku hana kinga hiyo. Akitua kwa kisigino juu ya barabara ngumu, mshtuko hupanda ghafla hadi kwenye muundi na goti, naye huuhisi mara moja. Ndiyo maana wengi hujikuta wakifupisha hatua, wakikunja magoti zaidi, na kutua kwa sehemu ya mbele au ya katikati ya wayo. Kisigino hushuka baadaye, kwa utaratibu, huku ukano wa kisigino na misuli ya shavu la mguu vikinyooka na kufanya kazi ya springi.

Mwaka wa 2010, Daniel Lieberman wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya utafiti uliowahusisha wakimbiaji wa Marekani na wa Bonde la Ufa nchini Kenya, wakiwemo vijana waliokua bila viatu. Ilibainika kwamba waliozoea kukimbia peku walitua zaidi kwa sehemu ya mbele ya wayo, na kwamba mshtuko wa mwanzo wa kutua kwao ulikuwa mdogo kuliko ule wa waliotua kwa kisigino. Utafiti huo ulisomwa na wengi kana kwamba umethibitisha kuwa kila mtu aliyezaliwa bila viatu hukimbia kwa namna moja.

Utafiti mwingine ukaja kurekebisha dhana hiyo. Mwaka wa 2013, Kevin Hatala na wenzake walieleza katika jarida la PLOS ONE kuhusu Wadaasanach wa kaskazini mwa Kenya, watu waliozoea kwenda peku. Walipokimbia kwa kasi waliyoichagua wenyewe, kasi ya masafa marefu, takriban asilimia 72 ya hatua zao zilitua kwa kisigino. Walipoongeza kasi, mtindo wao ulibadilika. Funzo linalojitokeza ni kwamba hakuna mtindo mmoja wa asili. Kasi, ardhi na mazoea ya mkimbiaji huamua pamoja jinsi wayo utakavyotua.

Vipi kuhusu uchovu? Inajulikana kwamba kila gramu 100 zinazoongezwa katika kiatu huongeza matumizi ya nguvu za mwili kwa takriban asilimia 1. Kwa mantiki hiyo, mtu angetarajia mkimbiaji peku kuwa na nafuu kubwa. Lakini watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado walionyesha mwaka wa 2012 kwamba wakimbiaji wenye uzoefu wa upeku hawakuokoa nguvu walipoviacha viatu vyepesi. Sababu ni kwamba kazi ya kufyonza mshtuko haipotei pale kiatu kinapovuliwa. Huhamia kwenye misuli, nayo misuli hulipia kazi hiyo. Kinachopunguzwa kwenye mizani huongezwa kwenye shavu la mguu.

Sugu na Hisi za Wayo

Wengi hudhani kwamba sugu ni ngozi iliyokufa, na kwamba mwenye nyayo ngumu hahisi anachokikanyaga. Mwaka wa 2019, Nicholas Holowka, Lieberman na wenzao walichapisha, katika jarida la Nature pia, utafiti uliowalinganisha watu wa Kenya na wa Marekani, baadhi yao wakiwa wamezoea kwenda peku na wengine kuvaa viatu. Waliozoea upeku walikuwa na sugu nene na ngumu zaidi, lakini unene huo haukupunguza uwezo wa wayo wa kuhisi. Sugu huupitisha mguso hadi kwenye neva zilizo chini yake, ilhali soli laini na nene huupunguza.

Matokeo haya yanaitia sitiari ya Kiswahili katika mwanga mpya. Mtu sugu, kwa matumizi ya kila siku, ni yule asiyesikia maonyo. Wayo wenye sugu, kinyume chake, hustahimili na bado husikia. Kwa mkimbiaji wa masafa marefu uwezo huu wa kusikia ndio kiini cha mazoezi ya peku, kwani wayo humwarifu papo hapo endapo hatua yake ni ndefu kupita kiasi, endapo anaburura mguu, au endapo amechoka na kuanza kutua vibaya. Mwenye soli nene huweza kuyakosea hayo yote kwa kilomita nyingi kabla ya goti kumlalamikia.

Utaratibu wa Mazoezi

Polepole ndio mwendo. Methali hii haina mahali panapoifaa zaidi ya hapa. Moyo na mapafu ya mkimbiaji aliyezoea viatu huwa tayari kwa kilomita 20, lakini ngozi, kano na mifupa ya nyayo zake haiko tayari hata kwa kilomita 3. Misuli huimarika kwa muda wa wiki. Kano na mifupa huhitaji miezi. Pengo hilo kati ya pumzi na wayo ndilo chanzo cha majeraha mengi.

Hatua ya kwanza ni kutembea. Mkimbiaji atembee peku kwa dakika 20 hadi 30 kila siku, nyumbani na nje, kwa wiki 2 au 3. Pamoja na hayo, ajizoeze kusimama kwa mguu mmoja, kuinua visigino taratibu na kuvishusha, na kukunja vidole vya miguu kana kwamba anaokota kitambaa. Mazoezi haya huimarisha tao la wayo na shavu la mguu.

Hatua ya pili ni kukimbia masafa mafupi siku moja na kupumzika siku inayofuata. Katika wiki ya kwanza, mita 400 hadi kilomita 1.5 zinatosha. Baada ya hapo, umbali usiongezwe kwa zaidi ya asilimia 10 kila wiki. Hesabu ya kanuni hii inafundisha subira: aliyeanza na kilomita 1.5 atakuwa hajafikisha kilomita 4 baada ya wiki 10, na atakaribia kilomita 18 baada ya wiki 26, iwapo hataumia wala kukatiza. Katika kipindi hiki chote anaweza kuendelea na mazoezi yake marefu akiwa na viatu, sehemu ya peku ikitangulia wakati miguu bado haijachoka.

Hatua ya tatu ni kuchagua ardhi. Uwanja wa nyasi uliokaguliwa humpa mwanafunzi ujasiri, ingawa nyasi ndefu huficha miiba na vigae vya chupa. Barabara laini ya udongo ulioshikana hufunza mtindo bora zaidi, kwa kuwa ugumu wake humkatalia mkimbiaji kutua kwa kishindo. Kwa walio pwani, mchanga mkavu huzamisha kisigino na kuuvuta ukano kupita kiasi. Mchanga ulioloa na kushikamana karibu na maji una nafuu, mradi ufuo usiwe na mwinamo mkali. Changarawe huja mwisho. Lami ya adhuhuri iepukwe, kwani huweza kuyaacha malengelenge kwenye nyayo ambazo hazijakomaa.

Kuhusu mtindo, hatua ziwe fupi na nyingi, takriban 170 hadi 180 kwa dakika kwa wakimbiaji wengi. Wayo utue chini ya kiwiliwili badala ya mbele yake. Kisigino kiruhusiwe kugusa ardhi baada ya kutua, kwa maana mkimbiaji anayekining'iniza muda wote huulemea ukano. Sauti ni mwalimu mzuri: mkimbiaji peku aliyehitimu husikika kwa shida.

Hatari na Mipaka

Uchovu wa shavu la mguu katika wiki za kwanza ni wa kawaida. Maumivu makali juu ya wayo, au yanayobaki mahali pamoja na kuzidi kila siku, ni onyo la ufa kwenye mfupa, na dawa yake ni kusimamisha mazoezi na kumwona daktari. Watafiti wa Marekani waliowafuatilia wakimbiaji kwa wiki 10 walipokuwa wakihamia viatu vyembamba vinavyoiga upeku walieleza mwaka wa 2013 kwamba zaidi ya nusu yao walionyesha dalili za mifupa ya miguu kulemewa. Upeku wa haraka, basi, huvunja kile ambacho upeku wa polepole hujenga.

Zipo hatari nyingine zisizohusu mtindo wa kukimbia. Udongo wa sehemu nyingi za Kenya una funza, na vilevile viluwiluwi vya minyoo ya safura wanaopenya ngozi ya mguu. Jeraha dogo la msumari laweza kuleta pepopunda. Mkimbiaji peku sharti awe amechanjwa dhidi ya pepopunda, aoshe na kukagua nyayo zake kila baada ya mazoezi, na asitie kidonda chochote mchangani. Mgonjwa wa kisukari aliyepoteza hisi miguuni asijaribu kabisa zoezi hili, kwa kuwa faida yake kuu, yaani kuhisi, yeye hana.

Viatu, Fedha na Mwanariadha Chipukizi

Mwaka wa 2009, kitabu cha Christopher McDougall, Born to Run, kiliwafanya wasomaji wengi wa Marekani na Ulaya kuviacha viatu vinene. Kitabu hicho kinawahusu Watarahumara wa Mexico, ambao kwa kweli hawaendi peku: huvaa makubazi yanayokatwa kutoka magurudumu ya magari, ndugu wa akala zinazofahamika sana nchini Kenya. Soko halikuchelewa, na viatu vya kuiga miguu mitupu vikauzwa kwa bei ya juu. Mwaka wa 2014, kampuni ya Vibram ilikubali kutenga dola milioni 3.75 ili kumaliza kesi kuhusu manufaa ya kiafya iliyoyatangaza, bila kukiri kosa. Baadaye mtindo ukageuka. Viatu vyenye soli nene na bamba gumu ndani, vilivyoonekana kupunguza matumizi ya nguvu kwa takriban asilimia 4, vikatawala mashindano ya barabarani, hata shirikisho la riadha duniani likaweka kikomo cha milimita 40 kwa unene wa soli mwaka wa 2020. Kelvin Kiptum alipokimbia marathoni ya Chicago ya mwaka wa 2023 kwa saa 2 na sekunde 35, alikuwa amevaa viatu vya aina hiyo.

Katika msukosuko huu yuko kijana wa kijijini anayekimbia peku kwa sababu hana viatu. Huyu hakuchagua, na nadharia za masoko hazimsaidii. Akiambiwa kwamba umaskini wake ndio utakaomfanya bingwa, anadanganywa: wakimbiaji wa kulipwa wa Kenya hufanya mazoezi na kushindana wakiwa na viatu, na wengi waliokua peku hawakufika popote katika riadha. Vilevile, akichekwa au kuondolewa katika mashindano ya shule kwa sababu ya miguu yake mitupu, ananyang'anywa haki ambayo kanuni za mchezo zimempa. Kocha mwenye busara hukagua uwanja kwa niaba yake, humtafutia viatu vya mbio za barabarani, na huutambua mtindo mzuri ambao miaka ya upeku imemjengea ili usipotee siku atakapovaa viatu kwa mara ya kwanza. Tahadhari hiyo ya mwisho hupuuzwa sana. Kama aliyezoea viatu anavyopaswa kuviacha polepole, ndivyo aliyezoea upeku anavyopaswa kuvivaa polepole.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kukimbia peku hubadilisha mahali ambapo mwili hupokea mzigo, kwamba sugu huulinda wayo bila kuunyima hisi, na kwamba mazoezi yake hupimwa kwa miezi. Mifano ya Bikila, Tulloh na Budd inathibitisha kuwa ushindi bila viatu unawezekana. Marathoni ya Tokyo ya mwaka wa 1964 inathibitisha kuwa mguu uliofunzwa peku haupotezi elimu yake unapovishwa kiatu. Mkimbiaji wa masafa marefu anaweza kuutumia upeku kama darasa la mara mbili au tatu kwa wiki, hata kama siku ya mashindano ataingia barabarani na viatu. Kwa walimu na makocha, jukumu ni kumwondolea mtoto aibu ya kutokuwa na viatu, na papo hapo kumwondolea mazingira yanayomfanya avikose.